Anasema sherifu yuko njiani: deni la payday la mwaka 2019 na simu za vitisho

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, sasa naishi Houston, Texas. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye makao yao.

Mwaka 2019 nilikuwa nasafisha vyumba hotelini, gari likaua giaboksi. Hapa bila gari huna kazi. Nikaenda kwenye duka moja la mikopo ya payday, ile unayopewa leo ukairudisha siku ya mshahara, nikachukua dola 500. Nikawaachia namba za akaunti yangu ya benki. Baada ya wiki mbili nilitakiwa kurudisha zote pamoja na ada ya dola 115. Sikuwa nazo. Wakasema nilipe ada peke yake, deni lisogezwe mbele. Ikawa ndiyo kila mshahara. Nilicholipa kikazidi nilichokopa, na zile dola 500 ziko palepale. Ilipoingia korona mwaka 2020 hoteli ikafungwa, nikafunga na akaunti kwa sababu ilikuwa inakatwa ada juu ya ada, tukahama, nikaacha kulipa. Hakuna aliyenitafuta tena mpaka juzi.

Jumanne iliyopita nilikuwa namlisha bibi mmoja chakula cha mchana, simu ikaita. Mwanamume akajitambulisha kuwa ni ofisa wa kitengo cha upelelezi cha kaunti. Akanisomea namba ya kesi, jina langu lote, anwani ya ile nyumba tuliyohama, na tarakimu nne za mwisho za namba yangu ya Social Security, ile ya utambulisho ya hapa Marekani. Akasema nina mashtaka mawili, wizi wa kutumia hundi na utapeli wa benki, kwa sababu nilifunga akaunti makusudi. Hati imeshasainiwa, sherifu yuko njiani kunichukua kazini kabla ya saa kumi, labda nilipe dola 1,890. Nikamwomba anitumie karatasi. Akasema, "Karatasi utaziona ukiwa na pingu."

Mikono ilitetemeka mpaka nikamwagia yule bibi supu. Nikajifungia stoo ya mashuka, nikamsomea namba za kadi yangu ya benki, akakata dola 300 za "kusimamisha hati." Zilizobaki anazitaka Ijumaa, na hizo anataka ninunue kadi za zawadi za dukani nimsomee namba zake.

Kesho yake akapiga simu kazini, akamwambia msimamizi wangu kuwa nina kesi ya jinai. Akampigia na shemeji yangu Dallas. Sasa ukoo wote unajua, isipokuwa mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na yuko safarini. Kibaya zaidi, nimeshapeleka maombi ya uraia. Huyu bwana anasema kwa deni hili nitarudishwa Tanga, watoto wabaki.

Shangazi, mama alitulea akisema dawa ya deni ni kulipa. Sikatai, nilikopa. Nimefikiria nichukue mkopo mwingine wa payday nimalizane naye. Je, nilipe? Kweli naweza kukamatwa? Na uraia wangu?

Mama Wawili, Houston

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Usilipe Ijumaa. Na huo mkopo mwingine usiuguse. Nimeanza na hilo kwa sababu najua utanisoma kwenye simu, roho ikiwa juu. Mengine yasome polepole ukifika nyumbani.

Kukopa na kushindwa kulipa ni kesi ya madai. Si jinai. Katiba ya Texas, ibara ya 1 kifungu cha 18, inasema hakuna mtu atakayefungwa kwa ajili ya deni. Sherifu wa kaunti hakusanyi madeni ya maduka ya mikopo, na hakuna mahakama Marekani nzima inayofuta hati ya kukamatwa kwa kusomewa namba za kadi ya zawadi. Hilo la kadi za zawadi peke yake lingetosha kukuonyesha unaongea na nani.

Tena kukutisha hivyo ni kosa. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1977, inajulikana kwa kifupi FDCPA, inayomkataza mkusanya madeni kujifanya ofisa wa serikali, kusema utakamatwa wakati hilo haliwezekani kisheria, au kumtangazia mtu mwingine deni lako. Kumpigia shemeji ili kuuliza unapatikana wapi, hiyo anaruhusiwa. Kumwambia shemeji unadaiwa, haruhusiwi. Ukishamwambia mkusanyaji kwamba mwajiri wako hataki simu hizo kazini, hapaswi kupiga tena huko. Texas nayo ina sheria yake, sura ya 392 ya Sheria ya Fedha, na hiyo inambana hata aliyekukopesha mwenyewe.

Sasa nikwambie na upande wa pili, usije ukausikia mtaani ukadhani nilikuficha. Vitisho hivi vina mzizi. Mwaka 2014 shirika la Texas Appleseed lilitoa ripoti kwamba wakopeshaji wa payday walikuwa wamepeleka malalamiko ya jinai zaidi ya 1,500 dhidi ya wateja wao, kwa madai ya wizi wa hundi, na wapo wakopaji waliotolewa hati kweli. Sheria hiyohiyo ya Fedha ya Texas, sura ya 393, haiwaruhusu kutishia wala kufungua mashtaka ya jinai isipokuwa pale penye kughushi, udanganyifu au wizi. Wewe uliacha namba za akaunti kwa malipo ya siku za mbele, na mwenye duka alijua wazi kwamba siku ile huna fedha. Ndicho kilichokupeleka dukani kwake. Kuja kufunga akaunti baadaye, kazi imekwisha na benki inakukata ada, hakukugeuzi mwizi.

Lakini huyu wa Jumanne simuoni hata kama mkusanya madeni. Naona dalili zote za tapeli. Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilikwenda mahakamani kulizuia kundi lililokuwa likipigia Wamarekani simu kutoka India, likijifanya polisi na mawakili, likidai mikopo ya payday. Wengi waliopigiwa walikuwa wameshalipa, au hawakuwahi kukopa kwa hao waliokuwa wakitajwa. Kundi lilikuwa limeshavuna zaidi ya dola milioni 5. Taarifa za watu zilitoka kwenye maombi ya mikopo waliyojaza mtandaoni, ambayo huuzwa mkono kwa mkono. Kwa hiyo kujua jina lako na tarakimu nne si ushahidi wa mamlaka yoyote. Halafu tazama: anwani aliyokusomea ni ya nyumba uliyohama. Sherifu wa kweli angeweza kuipata anwani yako ya sasa. Huyu ameshika faili la zamani alilonunua, basi.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kumtegemea yeye. Ile namba ya kesi, kama uliiandika, iulizie kwa karani wa mahakama za Harris County, kaunti ya hapo Houston. Kumbukumbu zao zinatafutwa mtandaoni hata kwa jina. Ukitaka kupiga simu, tumia namba iliyo kwenye tovuti ya kaunti yenyewe, kamwe si ile aliyokupa yeye. Pia Texas inamtaka mkusanya madeni ambaye si mkopeshaji mwenyewe aweke dhamana ya dola 10,000 kwenye ofisi ya Secretary of State wa jimbo, na majina yao yanatafutwa kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Asipokuwemo, umepata jibu.

Akipiga tena, na atapiga, usibishane naye. Usimwambie "ndiyo, nilikopa," usithibitishe Social Security, usimtajie benki mpya. Muulize jina lake, jina la kampuni, anwani ya posta, mkopeshaji wa kwanza alikuwa nani na deni ni kiasi gani. Mwambie alete kwa maandishi, kisha kata simu. Sheria inamtaka mkusanyaji wa kweli akupe maelezo ya deni kwa maandishi ndani ya siku 5 tangu alipokutafuta mara ya kwanza. Ukipinga kwa barua ndani ya siku 30 tangu uyapokee, lazima asimamishe kudai mpaka alete uthibitisho. Barua yenyewe haihitaji wakili: jina lako, namba ya deni waliyokupa, "napinga deni hili, nataka uthibitisho wake na jina la mkopeshaji wa kwanza," na "msipige simu kazini kwangu." Itume kwa rejesta yenye risiti ya mpokeaji, ubaki na nakala. Tapeli hatakupa anwani ya kutumia barua. Atapandisha sauti, atataja pingu tena, na hapo ndipo umjue.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: Texas inakuruhusu kurekodi simu ambayo wewe mwenyewe unazungumza. Meseji za sauti alizoacha usizifute. Andika tarehe, saa na namba aliyopigia, na umwombe shemeji akuandikie alichoambiwa, angalau kwenye WhatsApp, kabla hajasahau maneno yenyewe.

Benki nenda leo hii, usisubiri kesho. Waambie kadi yako iko mikononi mwa tapeli, wakupe nyingine, na upinge yale malipo ya dola 300. Sikuahidi zitarudi, kwa sababu namba ulimsomea mwenyewe, lakini kadi ina njia ya kupinga ambayo kadi ya zawadi haina. Halafu fungia taarifa zako za mikopo kwenye kampuni tatu zinazozitunza: Equifax, Experian na TransUnion. Ni bure tangu 2018, na inamzuia mtu kukopa kwa jina lako. Wakati huohuo chukua ripoti zako, nazo ni bure kwenye AnnualCreditReport.com, uone kama hilo deni limo, na limeandikwa kwa jina la nani.

Tuje kwenye deni lenyewe, maana umeniuliza kwa moyo safi. Mama yako alisema kweli, na napenda kwamba umeshika maneno yake. Ila tulifanyie hesabu hilo deni. Ada ya dola 115 kwa dola 500 kila wiki mbili ni asilimia 23. Kwa mwaka ni karibu asilimia 600. Nyumbani tungeita kausha damu bila kuulizana mara mbili. Mzunguko ulioingia haukuwa bahati mbaya. Mwaka 2014 wakala wa shirikisho wa kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, uliibana kampuni moja kubwa ya mikopo hii yenye makao Irving, hapohapo Texas, kwa vitisho vya mashtaka ya jinai ambavyo haikuwa na nia ya kuvitekeleza, na ikakubali kutoa dola milioni 10, nusu marejesho kwa wateja na nusu faini. Kwenye kitabu chao cha kufundishia wafanyakazi kulikutwa mchoro wa duara: mteja anakopa, anaishiwa, anashindwa kulipa, anapewa mkopo mwingine, anarudi mwanzo. Walichora, wakafundishana. Kwa hiyo usijione mzembe kwa kuzunguka kwenye duara lililochorwa ili uzunguke.

Kisheria, Texas inampa mdai miaka 4 ya kwenda mahakamani kwa deni la namna hii. Uliacha kulipa 2020, kwa hiyo muda huo umepita. Kampuni iliyonunua deni lililokwisha muda hairuhusiwi kukushtaki, na sheria ya Texas iliyoanza Septemba 2019 inasema malipo uliyofanya kwa deni kama hilo hayaufufui muda wake. Zile dola 300 kwa hiyo hazijakuharibia. Nasema Texas, maana kuna majimbo ambako kulipa hata dola 5 kunaanzisha hesabu upya. Wasomaji mlioko kwingine ulizeni kwanza. Hata wewe usisaini karatasi yoyote ya kukiri deni. Kwenye ripoti ya mikopo deni hukaa miaka 7 tangu ulipoacha kulipa, kisha linatakiwa kutoka.

Ukiona dhamiri bado inakusumbua, subiri ajulikane mwenye deni. Akishathibitika kwa maandishi, unaweza kuzungumza naye kiasi unachokiweza, kwa makubaliano yaliyoandikwa, ukiwa umetulia. Kumpa mgeni wa kwenye simu fedha za watoto si kulipa deni. Aliyekukopesha hatapata hata senti yake.

Lipo jambo moja ambalo nataka uliogope kidogo, nalo ni samansi. Mkopeshaji wa kweli anaweza kukushtaki kwenye mahakama ya Justice of the Peace, ile ya madai madogo, na anayekuja kugonga mlango na karatasi anaweza kuwa konstebo mwenye sare na bastola kiunoni. Ukimwona usikimbie na usijifungie. Amekuja kukukabidhi barua. Ipokee, soma tarehe, na ujibu mahakamani ndani ya siku 14. Kupeleka jibu hakulipiwi. Kwenye jibu andika kwamba deni limepita muda wake, kwa sababu usipolisema wewe hakimu anaweza asilisemee. Wanaoumia ni wale wanaoitupa samansi kabatini: mdai anapewa hukumu ya upande mmoja, halafu anaweza kufuata fedha zilizo benki. Mshahara wako Texas haukatwi na mwajiri kwa deni la kawaida kama hili, lakini ukishaingia kwenye akaunti unaweza kufikiwa. Na hakimu akikuamuru kufika mbele yake ukakaidi, hapo hati ya kukamatwa inaweza kutoka kweli, kwa kosa la kuidharau mahakama. Watu wengi wanaokwambia "fulani alifungwa kwa deni" walisikia nusu ya habari hii.

Kuhusu uraia, pumua. Fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, inauliza kama unadaiwa kodi, kama umekwepa matunzo ya watoto, kama umewahi kukamatwa. Haiulizi deni la duka la mikopo. Mkusanya madeni hana mlango wa kuingilia Uhamiaji, na hakuna anayefukuzwa nchini kwa kushindwa kulipa dola 500. Ukitaka kulala usingizi, mweleze wakili aliyekujazia fomu. Kama ulijaza mwenyewe, tafuta wakili wa uhamiaji, usimtafute "mtaalamu" wa mtaani anayejaza fomu kwa bei poa.

Peleka malalamiko FTC, CFPB na kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas. Yote yanajazwa mtandaoni. Kisha wapigie Lone Star Legal Aid, wanaohudumia watu wa kipato cha chini hapo Houston bila malipo, na uombe mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza cha kisheria kinakuzidi. Ikibainika nyuma ya simu hizi kuna kampuni halisi, wakili anaweza kuidai hasara uliyopata na hadi dola 1,000 juu yake kwa mujibu wa FDCPA, na kampuni ikishindwa ndiyo inayolipa ada ya wakili wako. Una mwaka mmoja tangu kosa lilipotendeka, kwa hiyo usikae nalo. Akiwa tapeli asiye na anwani, wakili hatakuwa na wa kumshtaki, na malalamiko yako yatabaki kuwa msaada kwa wengine.

Kwa msimamizi wako kazini, sentensi mbili zinatosha: kuna matapeli wanaopiga simu wakijifanya polisi, nimeshawaripoti, naomba wasiunganishwe kwangu. Shemeji mwambie hivyohivyo, tena mkali kidogo, asipokee wala asitoe namba ya mtu yeyote wa familia. Mumeo mpigie usiku huu akiwa amepaki lori, umweleze mwenyewe tangu giaboksi mpaka zile dola 300, kwa sababu namba yake nayo wanaweza kuwa nayo, na hupendi aisikie kwanza sauti ya yule bwana.